Tunaotoka tambarare tukienda kuwinda elki, tuanze na hesabu ya nyama

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi kutoka Des Moines, Iowa. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua ni ndefu na mambo yake yapo mbali na huko nyumbani, ila gazeti lako huku tunalisoma kwenye simu kila siku saa ya mapumziko kazini, na ninaotaka kuwafikia ni Waswahili wenzangu wa majimbo haya ya tambarare, Iowa, Nebraska, Kansas, Illinois, ambao wameshazoea kuwinda kulungu mkia mweupe, yule wa Marekani sio kulungu wa nyumbani, na sasa wanataka kupanda milima ya magharibi kuwinda elki. Wengi ni Wakongo na Warundi, Watanzania tupo wachache, Wakenya wapo pia. Nimeamua kuandika kwa sababu ya simu moja niliyopigiwa wiki iliyopita.

Alinipigia kijana wa Uvira, Kongo, tunasali nae msikiti mmoja, mwindaji mzuri tu wa huku, ana misimu mitatu na kila msimu anapata. Akaniambia, "Mkubwa, mwaka huu napanda Colorado, nataka dume la elki." Nikamwambia hongera, alafu nikamuuliza, nyama utaitoaje? Akajibu bila kufikiri, "Si ninaivuta tu mpaka kwenye gari kama hapa." Nilikaa kimya kidogo kwenye simu maana jibu hilo hilo ndio nililokuwa nalo mimi mwaka wangu wa kwanza, na lilinigharimu.

Kwa wasomaji wa nyumbani niseme kwanza elki ni mnyama gani. Ni jamii ya huyu kulungu wa Marekani ila mkubwa sana, mwili rangi ya mchanga, shingo ya kahawia iliyokolea kama amejitanda shali, na dume ana pembe ndefu zenye matawi ambazo kila mwaka zinadondoka na kuota upya. Dume wa Milima ya Rocky anafika kilo 300 na zaidi, jike kilo 220 hivi. Mfikirie tandala dume aliyekomaa kabisa, ndio saizi hiyo. Kulungu mkia mweupe wa kwetu Iowa ukishamtoa matumbo anabaki na kilo 50, dume kubwa 70 au 80, na hapo ndipo tofauti yote inapoanzia, sio kwenye pembe wala kwenye bunduki.

Mimi ni mzaliwa wa Kondoa. Ukipanda pale Kolo kwenye yale mapango yenye michoro ya kale utaona pofu na twiga na watu wenye pinde, nikiwa mdogo babu alitupeleka, akatuonyesha kwa kidole bila kugusa jiwe akasema hawa walikula walichobeba. Wakati ule sikuelewa maana yake. Nimekuja Marekani, nikapata kazi kiwanda cha nyama, mwaka wa 12 huu nipo kwenye mstari wa visu, kwahiyo nyama naijua, naijua ikiwa nzima na naijua ikianza kuharibika kabla hata haijabadilika rangi. Kuwinda nilifundishwa na mzee mmoja mkulima mzungu, nilimsaidia kuchuna kulungu wake siku moja jioni, alipoona ninavyoshika kisu akasema wewe njoo Desemba.

Uwindaji wa Iowa ni wa ujirani. Zaidi ya asilimia 97 ya ardhi ya jimbo hili ni ya watu binafsi, kwahiyo kazi ya kwanza ni kugonga mlango wa mtu na kuomba, na mtu mweusi mwenye lafudhi ya Kiswahili anaegonga mlango wa shamba asiyemjua mwenyewe, jamani, inahitaji moyo. Nimeshafungiwa mlango, nimeshakaribishwa chai pia. Ukipata ruhusa unapanda kwenye dungu juu ya mti pembezoni mwa shamba la mahindi yaliyovunwa, unakaa kimya alfajiri, kulungu anatoka kwenye kichaka anapita mita 40 kutoka ulipo. Msimu wa shotgani unaanza Jumamosi ya kwanza ya Desemba, baridi kali, na upo msimu wa gobore pia, kwa miaka mingi raifo za kawaida hazikuruhusiwa kabisa kwa kulungu ndio mpaka 2017 wakaruhusu zile za risasi zenye ganda lililonyooka, zisizofika mbali. Yani jicho letu na bega letu vimezoea karibu. Na ukishampiga unamtoa matumbo pale pale, unamvuta kwenye theluji mpaka ukingo wa shamba, pikapu inakuja, unaenda kumning'iniza gereji na ngozi yake siku tatu nne na nyama haifanyi kitu maana Desemba ya Iowa yenyewe ni friji.

Hayo mazoea ndio niliyopanda nayo mlimani.

Sehemu ya juu kabisa ya Iowa nzima ina mita 509 kutoka usawa wa bahari. Sehemu ya chini kabisa ya Colorado ina mita 1,011. Maana yake hata ukisimama kwenye kilele chetu bado upo chini sana kuliko shimo lao. Tuliendesha barabara ya 80 tukakata Nebraska yote, masaa 10 hivi mpaka Denver, na badala ya kulala pale mita 1,600 mwili uzoee tukaunganisha moja kwa moja, tukapita lile handaki la Eisenhower lililo zaidi ya mita 3,300, tukafika msitu wa White River usiku tukapiga hema kwenye mita 2,700. Kwa mtu wa nyumbani, hiyo ni sawa na kulala pale kambi ya Mandara Kilimanjaro, na asubuhi ukawinda kuelekea kambi ya juu yake, Horombo, ila bila wapagazi na bila mtu wa kukwambia polepole. Usiku ule kichwa kiligonga kama ngoma, mwenzangu alitapika, usingizi hakuna. Kesho yake kila hatua 20 tunasimama. Mimi huwa nabeba mizigo kazini kutwa nzima nikajiona nina nguvu, kumbe nguvu ni kitu kimoja na pumzi ni kitu kingine. Kwahiyo jamani lala Denver au mji wowote wa chini siku moja, mbili zikipatikana, kunywa maji mengi, na mwenzako akianza kukohoa na kukosa pumzi hata akiwa amekaa, msimpe panadol mkasubiri asubuhi, mshusheni muda huo huo hata kama ni usiku wa manane, mapafu yakijaa maji huku juu mtu anakufa.

Siku tatu hatukuona elki. Tuliona mavi yake, tuliona miti ya aspeni imechubuliwa magome kwa pembe, tuliona nyayo pana kama za ng'ombe mdogo, mwenyewe hayupo. Sisi watu wa dungu tumezoea kulungu anaezaliwa na kufa ndani ya kieneo cha kilomita mbili tatu, ukikosa leo kesho atapita. Elki akishtuka anavuka bonde na mgongo wa mlima wa pili na wa tatu, unabaki unaangalia msitu mtupu. Kwahiyo kazi ni kupanda gizani mpaka mahali pa kuona mbali, ukae na darubini, uchambue kila uwazi mpaka macho yaume. Na upepo! Huku tambarare upepo ukitoka kaskazini unatoka kaskazini. Kule asubuhi jua likishapiga mteremko hewa inapata joto inapanda mlima, jioni jua likizama hewa inapoa inateremka kama maji, kwahiyo harufu yako asubuhi inakwenda juu na jioni inashuka bondeni alipo yeye. Tulitumia siku mbili nzima kuwafukuza elki kwa harufu zetu wenyewe bila kujua.

Siku ya nne jioni, saa kumi na moja na nusu, jua limebaki kidogo, nikamuona dume upande wa pili wa korongo, mita kama 180, amesimama ubavu. Kwenye maeneo mengi ya Colorado sheria inataka dume awe na ncha nne upande mmoja wa pembe, au lile tawi la chini karibu na paji la uso liwe na urefu wa inchi 5, nikahesabu kwa darubini mara mbili, tano, anafaa. Nikasema Bismillah Allahu Akbar kama mashehe wetu wanavyotufundisha kuhusu mawindo, nikafyatua. Akatembea hatua kumi na kuanguka, akabingirika mpaka chini kabisa kwenye korongo, kwenye miti iliyoangukiana.

Tulipomfikia giza limeshaingia. Nilimshika pembe nikajaribu kumgeuza, hakusogea. Mwenzangu akashika miguu, tukavuta wote wawili mpaka mgongo ukalia, tukamsogeza labda nusu mita. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa hakuna kuvuta. Tulikuwa na kisu kimoja kila mtu, kamba, tochi moja yenye betri dhaifu, mifuko ya nyama tumeacha kambini, hata begi la kubebea lenye fremu hatukuwa nalo. Nikaamua kama mtu wa Iowa anavyoamua. Nikamtoa matumbo, nikampanua kifua kwa kijiti, nikasema usiku ni baridi, maji yanaganda, tumuache na ngozi yake tuje asubuhi na watu. Tukarudi kambini masaa matatu, tumechoka kufa, tuna furaha.

Asubuhi tulifika saa nne. Kwa nje alikuwa baridi, manyoya yana barafu. Nikaanza kuchuna paja lililolalia ardhi, na nilipoweka kiganja kati ya ngozi na nyama, Ndugu Mhariri, kulikuwa na joto. Bado kuna joto, masaa 16 baadae, kama mtoto aliyelala chini ya blanketi. Nikakata kufuata mfupa mpaka kwenye kiungo cha nyonga, pale ambapo kichwa cha mfupa kinakaa kwenye kikombe chake, kisu kilipofungua kile kiungo maji yake yalitoka ya kijivu badala ya kuwa meupe yanayoteleza, na ikapanda harufu ninayoijua kazini, harufu chachu kama maziwa yaliyoharibika ndani ya chupa. Kazini tukiisikia hiyo tunabonyeza kengele na mstari unasimama. Pale hakuna kengele. Nyama ya nje nyekundu nzuri kabisa, ndani kuzunguka mfupa imeoza. Paja la pili lililokuwa juu limepona kiasi, nikakata sehemu. Lile la chini lote tuliligharamia jasho kulitoa, maana sikukubali kuliacha pale, tukalipandisha korongo zima, na kambini nikalipasua vipande vipande kutafuta kilichopona, nikapata kama sufuria moja.

Nilimpigia mama Kondoa kumueleza kwamba nimepata mnyama mkubwa. Nilipofika kwenye habari ya paja aliuliza swali moja tu, "Hamkuwa na watu wa kuwasaidia kubeba?" Sikuwa na jibu. Kwao mtu aliyeua mnyama mkubwa peke yake mbali na kijiji alikuwa anarudi kuita watu kwanza, hilo ni jambo ambalo hata mtoto analijua.

Sababu yake ni hii, na ndio ninataka kila mtu wa tambarare aielewe. Mnyama mkubwa anatunza joto. Ngozi ya elki ya vuli ina manyoya mazito ya kumkinga na baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, kwahiyo akifa ile ngozi haijui kwamba amekufa, inaendelea kufungia joto ndani, na paja lenye unene wa sentimeta 30 likilalia ardhi halina pa kupumulia hata kama hewa nje inagandisha maji. Kulungu wetu ni mwembamba, anapoa. Elki hapoi mpaka umvue ngozi na umtenganishe viungo. Kumtoa matumbo peke yake hakutoshi.

Mwaka uliofuata nikarudi nikiwa nimejifunza njia ya kuchuna bila kufungua tumbo, na kwa mtu wa visu ni kazi tamu mno. Unamlaza ubavu, unachana ngozi kutoka mgongoni kushuka, unaifunua kama unavyofungua kanga, mkono wa mbele unatoka wenyewe kwa sababu haujashikwa na mfupa wowote, ni nyama tu, unapitisha kisu chini ya bega na unaubeba. Paja unaligeuza nje, unatafuta kile kiungo cha nyonga kwa ncha ya kisu, ukikipata kinafunguka kwa sauti ndogo kama kizibo. Alafu sarara lote la mgongoni kutoka shingo mpaka kiunoni, unalivua kipande kimoja, refu kama mkono wa mtu mzima na zaidi. Nyama ya shingo, nyama ya katikati ya mbavu. Mwisho unabonyeza utumbo chini kwa mkono mmoja na kwa mwingine unaingia nyuma ya ubavu wa mwisho unatoa ile sarara ndogo ya ndani. Unamgeuza upande wa pili unarudia. Kila kipande kinaingia mfuko wa kitambaa unaopitisha hewa, sio wa nailoni kabisa, nailoni inapika nyama, unavitundika kivulini panapopita upepo, mbali na mabaki ya matumbo maana dubu weusi wapo na koyote, mbweha wa huku, na ndege wanakuja. Watu wawili wenye visu vikali, masaa mawili mpaka matatu, nyama yote ipo hewani inapoa. Hata ikilala pale usiku kucha hakuna tatizo.

Sasa hesabu ya kubeba. Paja moja la dume na mfupa wake kilo 30 hivi, yapo mawili. Mikono ya mbele kilo 20 kila mmoja. Sarara na shingo na mbavu kilo 25 mpaka 30. Kichwa na pembe kama unavitaka, hizo nyingine. Mtu mmoja ni safari nne au tano, na kila safari ni kwenda na kurudi, kwahiyo ukimpiga kilomita 5 kutoka kwenye gari na unabeba safari tano umejiandikia kutembea karibu kilomita 50 mlimani, nusu yake na mzigo. Mchana wa mwisho wa Oktoba unaweza kufika nyuzi 12, 15. Nyama haikusubiri. Kwahiyo mimi nimejiwekea sheria, tukiwa wawili hatupigi mnyama zaidi ya kilomita 3 kutoka gari, hatupigi aliyeko chini ya korongo ambalo hatujaliteremka mchana, na jioni hatufyatui kama mifuko, visu na tochi mbili hazipo mgongoni. Kuna dume nimeshamuacha kwa sheria hii, ana pembe za kutisha, nilimuangalia kwa darubini mpaka giza likamfunika, na nilishuka kambini moyo wangu umetulia kabisa.

Najua wapo watakaosema huyu anatutisha. Hapana. Ninawataka muende. Kwa mtu kama mimi ninaeishi kwa kugonga milango, msitu wa umma wa Colorado ni kitu ambacho nilisimama nikakiangalia nikashindwa kusema. Ekari milioni kwa milioni za serikali kuu ambazo tajiri na mkimbizi wanaingia kwa haki sawa, unaonyesha leseni tu. Na elki wapo, Colorado ndio jimbo lenye elki wengi kuliko yote Marekani, wanahesabu karibu 280,000. Septemba madume yanalia, ule mlio huwezi kuamini unatoka kwa mnyama mkubwa namna ile, unaanza chini kama mtu anaguna alafu unapanda juu mpaka unakuwa mbinja nyembamba inayokata bonde zima, na mwingine anajibu upande wa pili, na wewe umekaa gizani na chupa ya chai nywele zinasimama.

Ila muende mkijua sheria, na sheria za magharibi sio za Iowa. Colorado, kama umezaliwa 1949 au baadae lazima uwe umesoma kozi ya usalama wa mwindaji, cheti cha jimbo lako wanakikubali. Lazima uvae rangi ya chungwa inayowaka au pinki kifuani, mgongoni na kichwani kwenye misimu ya bunduki. Leseni ya mgeni kwa elki ni zaidi ya dola 700, na baadhi ya misimu unaingia bahati nasibu, kwahiyo usikate tiketi ya likizo kazini kabla hujajua leseni ipo. Nyama inayolika lazima uitoe yote, mapaja, mikono na sarara, kuchukua pembe na kuacha nyama ni kosa kubwa. Kiungo cha kuonyesha jinsia kibaki kimeshikana na nyama mpaka ufike unapoihifadhi. Wyoming wao wana jambo jingine, mgeni wa jimbo haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa ndani ya yale maeneo yaliyotengwa kuwa pori tupu bila kuongozwa na mwenye leseni ya uongozi au mwenyeji mwenye kibali, nimeona watu wananunua leseni kwanza alafu wanagundua hilo wakiwa wameshafika.

Kuna na ule ugonjwa wa ubongo wa kulungu na elki wanaouita CWD, ulianza kuonekana Colorado 1967 na Iowa tumeukuta kwa kulungu wa porini 2013. Kwa sababu hiyo usirudi na kichwa kizima wala uti wa mgongo kwenye pikapu, toa nyama kwenye mfupa huko huko, na peleka sampuli ikapimwe kabla ya kuwapa watoto. Mimi nasubiri majibu ndio napika, friza inasubiri pamoja na mimi.

Jingine ni la makaratasi, na hili nawaomba mlichukulie kwa uzito. Mwenye kadi ya kijani sheria ya shirikisho haimkatazi kumiliki bunduki kwa kuwa tu si raia, ila aliyekuja kwa visa ya muda masharti yake ni mengine kabisa. Muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla hujashika bunduki hata ya kuazima. Sio jambo la kumsikiliza rafiki.

Ombi langu kwa viongozi wa jumuiya zetu huku, mashehe, wachungaji, wenyeviti wa vyama vya Wakongo, Warundi na Watanzania, ni kwamba tupate jioni moja kabla ya kila msimu tukae na vijana hawa tuwaeleze kwa Kiswahili. Mimi kozi yangu niliifanya kwa Kiingereza na nilikuwa nimeshazoea Kiingereza cha kazini, bado kuna kurasa nilizisoma mara nne. Kijana anaweza kufaulu mtihani kwa kukariri na asijue kwamba nyama ya elki inaoza usiku wa barafu. Nipo tayari kuja na visu vyangu na mguu wa ng'ombe kutoka buchani nionyeshe kiungo kilipo, gharama ni zangu. Na wewe Ndugu Mhariri kama utaona inafaa, waandishi wako waliozoea kuandika habari za wanyamapori wa huko wangeweza siku moja kuandika kuhusu hawa watu wetu wanaowinda huku, maana kwa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977 na kwa Tanzania wengi wanajua habari za vitalu na watalii tu, kwahiyo ndugu zetu nyumbani wakiona picha ya mtoto wao na pembe wanashtuka, hawajui kama ameiba, amelipa au amefanyaje.

Yule kijana wa Uvira nilimwambia aje nyumbani. Alikuja Jumapili na mke wake, nikampikia elki wa mwaka jana, pilau, mke wake akauliza hii ni ng'ombe ya wapi. Baada ya chakula nikamuonyesha lile begi langu lenye fremu, nikaweka ndani mfuko wa mchele wa kilo 20 na sembe kilo 10, uzito wa paja moja, nikamwambia vaa. Akavaa akacheka, akasema sio kitu. Nikamwambia twende. Karibu na kwangu kuna jengo la kuegesha magari la ghorofa saba, tukapanda ngazi na kushuka mara moja, akawa kimya. Mara ya pili akashika reli. Mara ya tatu akavua begi akakaa kwenye ngazi, akasema, "Mkubwa, na hili ni paja moja?"

Tumekubaliana kila Jumatano na Jumamosi baada ya Alfajiri mpaka Oktoba. Mwanzo atabeba sembe peke yake, mchele tutaongeza mwezi ujao. Ukumbi wa ngazi una nafasi, mwenye kutaka kuungana nasi aulize msikitini.

Wako,
Mwindaji wa Kondoa,
Des Moines, Iowa